Dobi Aliyezijua Kola Zote

Wapendwa, dobi mmoja alikuwa na kibanda chake karibu na stendi ya mji mdogo. Yeye alifua, mkewe akapiga pasi. Rafu zilijaa mashati meupe ya watu wa ofisini, yanafanana kama mayai, na hakuna hata moja lililokuwa na alama. Dobi aliyajua kwa macho. Akishika kola tu: hili la bwana shamba, hili la karani wa mahakama. Wateja walistaajabu, na sifa zile zilimwingia kichwani.

Mama yake aliishi milimani, safari ya nusu siku kwa basi. Alikuwa mgonjwa. Siku moja akapiga simu.

"Mwanangu, njoo nikuone."

"Nikiondoka, mama, nani atajua shati la nani?"

"Usilete kitu. Lete uso tu."

"Wiki ijayo, mama."

Mkewe alikuwa akipuliza makaa ya pasi. "Baba Tumsifu, si tutie uzi wa rangi ndani ya kola? Kila mteja na rangi yake. Hata jirani ataweza kuwagawia."

Dobi akacheka. "Uzi ni wa madobi wa juzi! Mimi nina macho."

"Haya, kaa na macho yako. Mama anayangoja."

Wiki ijayo ikawa wiki nyingine ijayo. Mama akapiga tena, sauti imepungua. Jibu lilikuwa lile lile. Kisha binamu ndiye aliyepiga. Yeye hakuomba kitu. Alitaja tu siku ya mazishi.

Je, mnadhani dobi alijibu, "Wiki ijayo"? Nani kwetu huujibu msiba hivyo? Asubuhi ile ile aliomba sindano. Wakaketi mkekani, yeye na mkewe, wakatia uzi mwekundu, wa kijani, wa manjano, wakaandika ukutani rangi ya kila mteja. Basi la mchana liliwakuta wamemaliza. Kibanda wakamwachia jirani, mama muuza mboga, ambaye hajawahi kufua shati la mtu.

Walikaa matanga mpaka mwisho. Waliporudi, rafu zilikuwa tupu. Kila nguo ilikuwa imefika kwa mwenyewe.

"Poleni sana," jirani akasema. "Huku hakukuharibika kitu."

Alidhani anawafariji. Dobi alikaa juu ya ndoo, akajifunika uso. Laiti lingepotea hata shati moja!

Wapendwa, sisi tunapenda kusikia kwamba bila sisi kazi haiendi. Tunaiita bidii. Lakini mbona tunajua kuipanga biashara kwa ajili ya maiti, na kwa ajili ya mgonjwa hatujui? Ni kazi ya asubuhi moja tu. Ifanye, kisha uende, wakati ambapo ukipiga hodi bado yupo wa kukuitikia, "Karibu."