Machano Aliyekataa Kwisha

Waraka wa Saba wa Kasri la Mtondoni, Kuhusu Wakati Halali wa Kutoa Ngao katika Mapigano ya Karata za Picha, Pamoja na Nyongeza Zake: hilo ndilo jina kamili, na walioweza kulitaja lote kwa pumzi moja walikuwa wawili tu, Karani Mwidadi aliyeliandika, na kasuku wake.

Hapo zamani, mji wa Mtondoni ulipokuwa ungali na sultani wake, sultani huyo, Shaali jina lake, alipenda karata kuliko chakula. Wala si karata hizi za kopa na shupaza. Zake zilikuwa vipande vya karatasi ngumu vilivyochorwa askari, wanyama na majini, na mchoraji wa kasri alivitoa katika bahasha zilizofungwa uzi, mtu asijue amepata nini mpaka akate. Basi mji mzima ukawa kukata nyuzi na kubadilishana picha: Nahodha Jicho Moja kwa Walinzi wa Lango wawili, Jini la Kisima kwa chochote utakacho. Ila picha zilizo bora, kwa sababu ambayo mchoraji hakupenda kuulizwa, zote ziliishia kasrini.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Anayeshambulia huilaza karata yake ubavu, nayo ikishalala haiinuki mpaka shambulio liishe. Anayeshambuliwa huweka wa kukinga. Kisha, kabla pigo halijashuka, huwapo nafasi ndogo, nyembamba kama ukope, ambamo mtu aweza kutoa ngao aliyoificha mkononi. Nafasi hiyo ndiyo iliyoleta kelele miaka mingi. Mtu akitaka kutoa ngao, Karani humwambia, "Ngoja kwanza." Akingoja, Karani humwambia, "Imepita." Watu wakanung'unika hata Sultani akaona haya, ndipo ukaandikwa Waraka wa Saba, usemao kwamba pigo halitashuka mpaka mwenye kushambuliwa aulizwe, "Umekwisha?" naye akiri kwa kinywa chake kuwa amekwisha.

Watu walifurahi wiki moja. Kwani mtu wa Mtondoni akiulizwa na mkubwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," japo nyumba yake inawaka; na akiulizwa, "Umekwisha?" mbele ya Sultani, adabu humtangulia ulimini, akasema, "Nimekwisha, Maulana." Na kweli akawa amekwisha.

Ikawa Sultani ataka kuupanua Ukumbi wa Karata, na upande wa pekee uliosalia ulikuwa na nyumba ya Bi Mize, mjane mpika vitumbua, ambaye ukuta wake wa jikoni uligusana na ukuta wa kasri. Akapewa kiwanja kingine, ng'ambo ya makaburi. Bi Mize akasema hakitaki, maana majirani wa huko hawanunui vitumbua. Basi Sultani, ambaye alijiona mtu wa haki, akanena, "Shauri hili litaamuliwa kwa karata. Akishinda Bi Mize, au mtu wake, nyumba itabaki. Nikishinda mimi, kesho yake mafundi wataanza na paa."

Naye Bi Mize alikuwa na mtoto wa kaka yake, Machano, mtu mzima asiye na kazi wala kanzu ya pili, aliyelala sebuleni katika nyumba hiyo hiyo.

"Shangazi," akasema Machano, "nitakwenda mimi."

"Wewe? Una karata wewe?"

"Ninazo tatu."

"Mwenzio ana kasha zima, wewe unazo tatu! Ngoja nianze kufunga sufuria zangu."

"Usifunge, Shangazi. Mimi nimeusoma ule waraka."

"Wote?"

"Wote, na nyongeza."

Bi Mize akamtazama kama mtu aliyemsikia nduguye akitaja maradhi yake. "Ndiyo maana huna kazi," akasema.

Asubuhi ya siku ya shauri wakakaa mkekani, Sultani upande huu na Machano upande ule, Karani katikati na daftari lake, na wakuu wa mji wamejipanga ukutani. Machano akaweka mbele yake Mlinzi wa Lango mmoja, kona imeliwa na mende, akabaki na karata mbili mkononi, kazigeuza kifudifudi.

"Ewe Machano," akanena Sultani, "ndilo jeshi lako hilo?"

"Ndilo, Maulana. Wengine wana homa."

Wakuu wakacheka, wakamtazama Sultani kama naye amecheka, wakanyamaza. Sultani akamlaza ubavu Tembo wa Vita, aliyechorwa kwa wino wa dhahabu, kisha akawalaza na wenzake wote wanne, asibakize hata mmoja, kwa ajili ya fahari tu. "Nashambulia!" akasema. Machano akamsogeza Mlinzi wake mbele ya Tembo, na ilikuwa huruma kuwatazama wawili hao. Karani akauliza, mbio mbio kama mtu amezaye dawa, "Umekwisha?"

"Bado," akasema Machano.

Kalamu ya Karani ilikuwa imekwisha andika nusu ya neno. "Umesemaje?"

"Nimesema bado, Bwana Karani."

Lau angalisema hapana, angalishikwa kwa utovu wa adabu. Lakini bado si hapana. Mzee asiye na mke akiulizwa kama ameoa, husema bado, na hakuna amwitaye mwongo.

"Basi itoe ngao yako," akanena Sultani.

"Nafikiri kwanza, Maulana."

"Wafikiri nini?"

"Nafikiri kama niitoe. Waraka hausemi mtu afikiri kwa muda gani. Wasema pigo lisishuke mpaka nikiri kuwa nimekwisha. Nami, alhamdulillahi, naona bado."

Karani akaufunua waraka, midomo yake ikicheza. Akaufunua tena kutoka mwisho, huenda upande huo una huruma zaidi. "Maulana," akasema, "hausemi."

"Basi andika sasa hivi useme!"

"Waraka haugeuzwi shambulio likiwa limekwisha tangazwa. Nyongeza ya tatu. Maulana mwenyewe aliamuru, siku ile alipoliwa Jini la Kisima."

"Vema. Naenda kujinyoosha. Akikwisha, mniite."

"Nyongeza ya tano, Maulana. Ainukaye mkekani kabla ya pigo, isipokuwa kwa swala, amekimbia vita, naye ameshindwa."

"Ni nani aliyeandika upuuzi huu?"

Karani akaona ni salama zaidi kutazama dari.

Basi wakakaa. Kila baada ya kitambo Karani akauliza, "Umekwisha?" na Machano akajibu, "Bado," kwa sauti ya upole kabisa. Ikaja adhuhuri, wakaenda kusali, wakarudi mkekani pale pale. Ukafika wakati wa chakula, na hapo ikakumbukwa nyongeza ya sita, ikatazayo mtumishi yeyote kuukaribia mkeka, asije akamnong'onezea mchezaji. Wapishi wa kasri wakasimama mlangoni na sinia zao, pilau ikapoa mbele ya macho ya Sultani.

Mara akaingia Bi Mize na kikapu kichwani. Askari akamzuia.

"Wanizuia nini, mwanangu? Mimi mtumishi? Mimi ndiye mwenye shauri. Nyumba ya kubomolewa ni yangu, hata kutazama nisitazame?"

Karani akapekua. Mwenye shauri hakukatazwa popote. Bi Mize akaketi nyuma ya Machano, akafunua kikapu, na harufu ya iliki ikaenea ukumbini mpaka kwa wale wa ukutani. Machano akala. Bi Mize, kama ilivyo desturi, akasema, "Karibu, Maulana."

Naye Sultani, ambaye hakutia kitu kinywani tangu alfajiri, akajibu kama ilivyo desturi, "Ahsante, Bi Mize, nimeshiba."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akafumba macho. Tumbo lake likasema kwa sauti jambo jingine, na wakuu wote wa mji wakaanza kukohoa kwa pamoja.

"Umekwisha?" akauliza Karani.

"Bado kimoja," akasema Machano, akakila nacho.

Ikafika alasiri, wakasali, wakarudi. Sultani hakuzoea kukaa chini muda mrefu hivyo. Akakunja mguu huu, akakunjua ule, akauegemea mkono. Mwisho akainama mbele, akasema kwa sauti ndogo, kama jirani na jirani, "Machano, hiyo ngao yako ni ipi? Niambie tu."

"Maulana, nikikwambia nitakuwa nimekwisha."

Kicheko kikataka kumtoka Sultani. Akajizuia. Akajizuia tena. Kisha akauma meno, akashika nguzo iliyokuwa karibu, akasimama.

Karani akajifunika uso kwa waraka ili asiwe shahidi.

"Funua uso, Mwidadi," akanena Sultani. "Nimesimama, na kila mtu ameona. Andika nimeshindwa. Nawe, Machano, zigeuze hizo."

Machano akazigeuza karata zake mbili. Hapakuwa na ngao. Palikuwa na Mbuzi wa Jirani, na pembeni yake Mbuzi wa Jirani mwingine, karata ambayo watu wa Mtondoni waliikunja na kuitia chini ya mguu wa meza inayoyumba.

"Mbuzi wawili!" akasema Sultani. "Umenikalisha kutwa nzima kwa mbuzi wawili!"

"Mmoja, Maulana. Yule mwingine ni wa kubadilishana."

Hapo Sultani akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia begani, naye hakuthubutu kuiachia ile nguzo. Akasema, "Mchukue Tembo. Unipe mbuzi wako wa ziada, tumebadilishana."

"Na ukishamchukua," akasema Bi Mize kwa mpwa wake, "kambadilishe upate kanzu." Kisha akasukuma kikapu mbele ya Sultani bila kumkaribisha, maana alikwisha ona kuwa akimkaribisha atashiba tena.

Katika daftari la kasri imeandikwa kwamba Shauri la Upanuzi wa Ukumbi wa Karata liliahirishwa kwa hekima ya Maulana, baada ya mashauriano marefu ya kitaratibu baina ya pande zote mbili. Ilivyokuwa ni kwamba mguu wa Sultani ulikufa ganzi, akasimama, na nyumba ya Bi Mize haikubomolewa.