Nyumba ya Pili

Wapendwa, nyoosheni migongo. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mfano huu hakuna msomi aliyewahi kuwapa. Mnacheka. Haya, chekeni mapema.

Palikuwa na mstaafu mmoja wa bandari, hapa hapa Tanga. Joto la Januari lilikuwa limemchosha, akaapa lazima apate nyumba ya pili, mlimani, ya kukimbilia kila mwaka jua likishakuwa kali. Siku anaondoka kwenda kuitafuta, jirani yake alikuwa amefiwa. Turubai la msiba lilikuwa limeziba geti lake. Unadhani alishuka akatoa pole? Alipiga honi. Waombolezaji wakainuka na viti vyao, akapita, vioo amepandisha.

Akazunguka milima. Lushoto akapakataa: baridi ya mablanketi mawili, yeye anataka ya blanketi moja. Mji uliofuata akaukataa: makanisa mawili yanashindana kwa spika. Sisi hatumo, eti? Mwisho akafika Marangu. Dalali alipokwenda kumwita mwenye kiwanja, mzee wetu akajitembeza peke yake kwenye migomba, akatokea mahali moyo wake ukasema hapa. Pako sawa, nyasi laini, pamepandwa masale, yale majani marefu ya kijani. Yeye akadhani ni maua ya urembo. Pembeni bibi mmoja mzee sana alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepotea?"

"Nimefika. Hapa pametulia kweli. Wanaokaa hapa wanapapenda?"

"Hajarudi mtu kulalamika."

"Na kelele?"

"Za nani? Mume wangu alikuwa na mdomo, huyo. Lakini tangu ahamie hapa, mwaka wa kumi na mbili huu, sijamsikia."

Mstaafu akacheka. Jirani wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anamtaka. Akapima kwa hatua: sebule, jiko, chumba cha kulala. Kisha, ili ajue asubuhi akifumbua macho ataona nini, akavua viatu, akajilaza chali, mikono kifuani. Kilele cha Kibo hicho, cheupe kwa theluji, mbele yake.

"Hapahapa, mama. Sitaki pengine."

Mundu ukamponyoka bibi mkononi.

"Baba, inuka. Umemlalia mama mkwe wangu."

Mmewahi kumwona mtu wa miaka sitini na mbili akiruka kama panzi? Alisimama, soksi zimejaa udongo, anayatazama masale upya: safu ile, na ile, na ile pale. Kule, masale hupandwa walipolazwa wafu.

"Nisamehe, mama. Sikujua. Nitatafuta pengine."

"Si umesema pengine hutaki?" Bibi hakuwa anatania. "Nafasi ipo. Ila hapa hakuna aliyekuja kwa miguu yake. Wote wamebebwa na majirani. Wewe, nani atakuleta?"

Akafungua mdomo ataje jina. Halikuja. Lililokuja ni lile turubai, na watu wanainuka na viti vyao kumpisha.

Aligeuza gari siku ile ile. Alipofika kwake, geti lilikuwa wazi. Turubai lilishakunjwa.

Sasa hamcheki. Mama wa kitenge cha njano, jirani yako wa kushoto anaitwa nani? Usimwangalie mumeo, naye hajui. Sisi tunauliza maji, upepo, barabara ya lami. Nani atatubeba, hatuulizi. Hata mbinguni tumeshachagua chumba, na jirani hatujamsalimia tangu Pasaka.

Mstaafu alipanda milima kutafuta nyumba ya pili. Hebu hesabu kutoka mlangoni kwako. Ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya nani?

Leo, kabla hujala, kapige hodi.