Perege Aliyemeza Watoto Wake

Sogeeni. Na wewe Ambokile, acha kunyofoa jicho la samaki huyo, hilo ni langu. Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo! Nilikiona kwa macho haya haya, enzi hizo yalikuwa makali, namwona kiroboto akipiga miayo ng'ambo ya mlima. Mnacheka? Bibi yenu hajazaliwa, mimi nipo, nimekaa juu ya jiwe natazama. Shule niliishia darasa la pili, la tatu nililichungulia dirishani, lakini kuona niliona.

Haya. Kisa nakitupa majini!

"Nasi twakidaka!"

Zamani, zamani ile mawe yakiwa bado laini, kaziwa ketu haka ka Isyonda kalikuwa maji matupu. Maji na vyura, vyura na maji. Kiangazi kikija migomba inanyauka, watu wanakondeana mpaka upepo ukivuma inabidi wafungwe kamba kwenye nguzo.

Palikuwa na mjane, Subilaga, kaolewa huku juu kutoka bondeni kwenye mito. Mumewe kafa, kamwachia binti mmoja, Sekela, mwembamba kama unyasi. Siku moja Sekela akasema, "Mama, leo tunakula nini?" Subilaga akatazama chungu, chungu kikamtazama.

Masika ilipoanza akashuka kwao bondeni, akajaza mtungi maji ya mto, akatia perege wadogo, akaubeba kichwani. Akapanda. Akapanda. Kila kijito akisimama anawabadilishia maji, anawaambia, "Vumilieni wanangu, tumekaribia." Uongo mtupu, hawajakaribia! Mtungi ule ulikuwa mzito hata njia ikadidimia. Lile bonde mnalochungia ng'ombe mnadhani lilitoka wapi?

Akawamwaga Isyonda. Malafyale Mwandambo, mtemi wetu, akaja na tumbo lake. Tumbo linafika asubuhi, yeye anafika mchana.

"Subilaga, umeleta nini kwenye maji yangu?"

"Chakula, Tata. Tuwaache wazaane."

"Wakileta balaa je?"

"Basi nirudishwe kwetu."

"Utarudi peke yako. Mtoto ni wa ukoo, anabaki."

Subilaga akamvuta Sekela karibu. Akakubali.

Kipupwe kikaja, baridi ile moto wenyewe unaomba blanketi. Samaki wakazama chini kabisa, hawaonekani hata mkia. Wanawake wakamcheka: "Subilaga, samaki wako wameenda kuota jua kwenu?" Naye akapalilia maharage yake.

Jua likarudi, maji ya kandokando yakapata joto, perege wakapanda. Wakubwa! Mmoja akipinduka, ziwa linamwagika, linasubiri, linarudi. Watu wakajaa ukingoni. Na ndipo wakaona.

Waliona nini?

"Waliona nini, babu?"

Waliona perege jike amezungukwa na watoto wake, wadogo kama mbegu za ulezi. Kivuli cha mtu kikapita juu ya maji. Jike akafungua mdomo, ham! Akawameza wote.

"Mchawi! Anakula wanawe!"

"Tukila hawa nasi tutakula watoto wetu!"

Mwandambo akapaza sauti: "Twangeni utupa! Mwageni ziwani, wafe wote. Na huyu mama afunge mzigo."

Mnaujua utupa? Majani yale yakitwangwa yakatiwa majini, samaki anaelea tumbo juu. Vinu vikaanza kulia, du, du, du. Sekela akamng'ang'ania mama yake kiunoni. Na Subilaga mwenyewe, wanangu, hakujua zaidi yao. Kwao samaki walikuja kwenye sahani, hakuwahi kuwachunguza mdomoni. Akawaza, labda kweli nimeleta wachawi.

Akasema, "Tata, nipe mmoja tu. Nimpasue, niwatoe watoto. Kama wamekufa tumboni, nitaondoka nikijua."

Akazamisha mgono wake wa fito, akamnasa yule jike, akamtia kwenye bakuli la maji. Akachukua kisu. Akainama.

Perege akatema.

Mmoja akatoka. Akatoka mwingine. Wakatoka wazima, wanachezesha vikia, bakuli likawa jeusi! Sekela akanyoosha kidole kuwagusa, wakashtuka, fyuu, wakarudi wote mdomoni kwa mama yao. Akafumba mdomo. Mashavu yamevimba kama ya huyu Ambokile na ugali wangu.

Vinu vikanyamaza.

"Hawali," Sekela akasema. "Anawaficha. Kama mama anavyonifunika khanga mvua ikinyesha."

Kisu kikamponyoka Subilaga, akakaa chini, akalia. Naye Mwandambo, wanangu, mtemi mzima, akapiga magoti kwenye tope, tumbo likatangulia, akasema mbele ya wote: "Ndaga, Subilaga. Asante. Umetuletea mama mwingine."

Tangu hapo jike mwenye mashavu yaliyovimba akinaswa anarudishwa. Hata ukiwa na njaa ya kula mlango, unamrudisha. Ndiyo maana masika, kipupwe, kiangazi, Isyonda haijatunyima. Mimi nimelelewa na ziwa hilo, na meno haya matatu ni mashahidi.

Mbona mnanitazama hivyo?

Haya, niwaambie. Kuna kitu nimekitia mwenyewe. Si bonde, bonde ni kweli! Ni yale magoti. Mwandambo hakupiga magoti. Aliangalia bakuli, akakohoa, akaenda zake nyumbani. Hakuna aliyemwambia ndaga. Walivua, walikula, walishiba, na Subilaga akazeeka hapa hapa, akafa, hajalisikia neno hilo. Nimelitia mimi, maana kisa bila hilo kinanikaba kooni kama mwiba.

Basi mkila cha mtu, shukuruni angali na masikio. Na aliyekwisha kwenda, mshukuruni hivyo hivyo. Ambokile, meza kwanza, kisha sema.

"Ndaga, Subilaga."

Wote!

"Ndaga, Subilaga!"

Kisa nimekivua. Minofu yenu, mwiba wangu. Na jicho langu liko wapi?