Konokono wa Karani

Mfuga kobe hufuga konokono kwanza.

Mliyasikia maneno hayo jana, mjomba wa bibi harusi Winfrida alipomwambia bwana harusi mbele ya watu, na leo mmenikuta napepeta mchele mnataka kujua ni mtu gani mwenye akili timamu anayefuga konokono. Mtu huyo alikuwa baba yangu mzazi, nami nilimsaidia. Sogezeni mikeka basi. Chimbuko la methali hii ni hili.

Baba yangu, Otmari Ligazio, alikuwa mfungua malango ya mfereji kwenye mashamba ya mpunga hapa bondeni Kilombero. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyegawa maji, shamba baada ya shamba, na sijamsikia mkulima aliyesema kwamba alipendelewa au alionewa. Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kwa shida. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nikarudi nyumbani na cherehani yangu ili nimtunze. Alikula nilipomlisha na kulala nilipomlaza. Saa zilizobaki aliutazama ukuta.

Siku moja jirani yetu Bonifasi alikuja na kobe wa maji aliyempiga kwa jembe bila kumwona, akilima jaruba lake. Gamba lilikuwa na ufa upande mmoja. Bonifasi aliniuliza kama tunakula nyama ya kobe, maana kwake hawali. Kabla sijajibu, baba alinyoosha mkono wake mzima akasema, "Lete." Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku tisa.

Tulimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, tukamweka kwenye beseni kubwa la kufulia lenye jiwe la kupandia. Baba alimwita Karani, kwa sababu alimtazama mtu kwa muda mrefu na hakuonyesha haraka yoyote ya kumhudumia.

Kuanzia hapo baba aliamka mwenyewe. Karani alikataa ugali, akakataa mchicha, lakini alipopewa konokono alimkamata na kumtafuna na gamba lake. Basi kila asubuhi baba alichukua fimbo na kopo, akajikokota hadi mferejini, akaingia maji ya vifundoni na kuokota konokono. Nilifurahi kuona mguu unapata nguvu. Hata maneno yalianza kurudi mawili matatu kwa pamoja. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kobe yule.

Mwezi wa nne tangu aletwe, Karani aliacha kula. Macho yalivimba, akakonda hadi ngozi ya shingo ikalegea, na choo chake kikawa cha ute. Wiki hiyohiyo, nikifua nguo za baba, niliona damu kwenye suruali. Nilipomwuliza alikiri kwamba mkojo ulikuwa unamtoka hivyo kwa siku nyingi, ila aliona aibu kumwambia binti yake.

Tulikwenda kituo cha afya. Baba alikataa kutoka nyumbani mpaka nifunge kinyesi cha Karani kwenye jani la mgomba, nacho kipimwe. Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mpimaji alikuwa dada mmoja aitwaye Severina, mpole na mwenye maneno machache. Yeye hakucheka. Alipima vyote viwili kwenye hadubini yake, kisha akatuita ndani. Alisema baba ana kichocho, na kobe ana minyoo. Wadudu hao si wa aina moja, lakini wote hukulia ndani ya konokono. Wa baba hutoka humo wakaingia majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama mferejini, na wa Karani alimeza pamoja na konokono wenyewe.

Baba alipewa vidonge. Bwana mifugo, baada ya kushangaa kidogo, alimpima Karani uzito na kumpa dawa yake. Lakini tulipofika nyumbani nilimwambia baba kwamba ni afadhali kobe arudishwe kinamasini, kwa sababu hatuna chakula cha kumpa isipokuwa kile kinachomwua.

Baba alimrudisha Karani kwenye beseni lake. Kisha akasema, "Nikimrudisha, nitaamka kwa ajili ya nani?"

Kesho yake nilirudi peke yangu kwa Severina na kumweleza. Alifikiri, akaniambia jambo ambalo sikulijua: konokono hazaliwi akiwa na mdudu. Yai lake ni safi, mdudu huingia baadaye, majini. Ukichukua mayai, ukayaosha, ukayaangulia kwenye maji ambayo mnyama wala mtu mgonjwa hajayachafua, utapata konokono wasio na kitu. Jioni alivaa viatu vyake vya mpira na glavu, akaniletea majani ya yungiyungi yenye mayai yaliyogandamana kama ute wa bamia.

Beseni la kwanza nililiua mwenyewe. Nilitumia maji ya bomba yenye dawa, na hakuna hata yai moja lililoanguliwa. Mara ya pili tukakinga maji ya mvua. Siku ya nane tuliona vitone vidogo kama ufuta vikitambaa kwenye ukingo, na baba akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue.

Ila ufuta haumlishi kobe. Ilibidi wakue, watage, na wale watakaozaliwa ndio waliwe, kama Severina alivyoagiza. Karani kwa wakati huo tulimpa dagaa waliochemshwa, naye akawageuzia kichwa. Siku ya kumi na moja ya njaa yake nilimkuta baba mlangoni asubuhi, ana fimbo na kopo mkononi.

"Niache, Yustina," alisema. "Karani anakufa."

"Baba, ulipokuwa mferejini, uliwahi kumfungulia mtu maji kabla ya zamu yake kwa sababu analia?"

Alisimama, akihema. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Wa chini wangekosa."

"Basi ngoja zamu ya hao wa kwenye beseni. Wa mferejini watamrudishia yeye minyoo, na wewe kichocho."

Aliyatazama maji ya mfereji kwa mbali. Kisha aliweka kopo chini, akaketi kando ya Karani, akachukua dagaa mmoja na kumshikilia mbele ya mdomo wake. Aliushikilia mkono pale mpaka jua likafika dirishani. Karani alitoa shingo, akamnusa yule dagaa, akamng'ata mkia. Siku hiyo alikula nusu tu, na kesho yake akala wawili.

Ndani ya miezi michache tulikuwa na mabeseni manne. Baba aliyasafisha kwa mkono mmoja. Aliwapa konokono mchicha uliochemshwa, akawasagia maganda ya mayai ya kuku ili magamba yao yawe magumu. Watu walipita makusudi kuja kuona. Bonifasi alisimama uani petu na wenzake wawili, akauliza kwa kicheko kama kweli Mzee Ligazio, aliyekuwa akigawa maji ya kijiji kizima, sasa anafuga konokono.

Baba aliinua kichwa. Akasema polepole, neno baada ya neno, na hakukwama hata mara moja: "Mfuga kobe hufuga konokono kwanza."

Niliangusha ungo. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu kiharusi kusema mbele ya watu bila kukwama. Bonifasi naye aliacha kucheka, kwa sababu alimjua baba na alijua alichokisikia.

Tulipompelekea Severina kinyesi cha Karani, alikitazama, akakitazama tena siku nyingine, hakuona kitu. Mkojo wa baba nao ulikuwa safi. Ufa wa gamba ukaziba ukawa mstari mweupe.

Mwaka uliofuata Bonifasi alitaka kuleta ng'ombe wa maziwa. Alikuja kumuaga baba kwamba anakwenda kumchukua. Baba alimwuliza swali moja tu, kama amepanda majani. Bonifasi aliduwaa, akarudi nyumbani, akalima kipande cha majani kwanza, na ng'ombe alikuja msimu wa pili. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasimulia watu kwenye mikutano, na kutoka kwake maneno yakaenea: kwa anayetaka kujenga, kwa anayetaka kusomesha, kwa anayetaka kuoa.

Baba aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akiamka kila asubuhi bila kuamshwa.

Kwa hiyo yule mjomba jana hakumkejeli bwana harusi. Alikuwa anamwuliza kama, kabla ya kumleta mtu anayempenda nyumbani kwake, ameandaa kwa mikono yake kile kitakachomfanya aishi salama. Wengi hupenda kobe, wanangu. Ila mfuga kobe hufuga konokono kwanza.