Labda ya Mbayuwayu

Paukwa!

Mbona watoto tu ndio walioitika? Wakubwa, mmemeza ulimi? Tena: Paukwa!

Pakawa! Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, mimi nilikuwepo. Wengine watawasimulia habari hii, lakini wao walisimuliwa. Mimi niliona, kwa macho yangu haya mawili.

Palikuwa na bonde. Milima huku, milima huku, na mlango mmoja tu, upande wa mbuga. Kila kiangazi mbuga iliwaka moto, na moshi ukapita mlangoni, puuu, ukajaa bondeni. Siku nyingine haukupita. Kwa hiyo kila jioni Mbayuwayu aliruka, fyuu! Akapanda juu akaionja hewa. Akashuka chini akaionja tena. Kisha akatua juu ya kichuguu, akawatangazia wanyama hewa ya kesho.

Na neno lake lilikuwa moja: labda. Labda moshi utakuja. Labda utapita juu kwa juu. Juzi alisema labda utakuja, wanyama wakabeba watoto, wakapanda mlima wakihema. Upepo ukageuka. Moshi haukuja. Wakarudi wamenuna, na tangu siku ile Ngedere akamwita Bi Labda.

Sasa mbuga ikawaka tena. Mbayuwayu akapanda. Juu, joto. Akashuka. Chini, baridi. Akajua moshi ukiingia humu hautatoka, joto la juu litaufunika kama kifuniko cha chungu. Lakini je, utaingia? Upepo unauleta. Ila mashariki kuna wingu, na mvua ikinyesha mbugani moto utazimika. Akatua kichuguuni.

"Haya, Bi Labda!" Ngedere akapaza sauti. "Leo tupe neno moja. Unakuja, hauji? Mgongo wangu bado unauma kwa labda yako ya juzi!"

Wanyama wakacheka, kwe-kwe-kwe! Mbayuwayu akaona haya. Akasema, "Hauji."

"Ehee! Hayo ndiyo maneno!"

Wakampigia makofi. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake, na makofi ni matamu, tusidanganyane.

Akaruka kwenda kulala. Njiani akapita juu ya nyumba ya Mama Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye? Yule mdogo wa miiba, akiogopa anajikunja mviringo. Alikuwa na mwana mmoja, Kipute, mwenye kifua kibovu. Akipumua ni khiii... khiii...

"Lala, mwanangu," mama alikuwa akimwambia. "Leo hatutembei. Shangazi Mbayuwayu amesema moshi hauji."

Lile neno shangazi likamchoma Mbayuwayu. Akatua.

"Mama Kipute, nisamehe. Nimesema nisichokijua."

"Kumbe unakuja?"

"Sijui. Labda."

Mama Kalunguyeye hakucheka. Akafikiri. "Labda yako hii ina ukubwa gani? Kama ile ya juzi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mbayuwayu akafumba macho, akaipima. "Ile ilikuwa punje ya mtama. Hii ni boga."

"Boga!" Mama akamwamsha Kipute. "Wenzangu wana miguu. Wao watauona moshi ndipo wakimbie. Mimi na vijiguu hivi, na mwana nisiyeweza kumweka mgongoni kwa hii miiba yangu? Nikingoja niuone, tumekwisha."

Wakaondoka. Kipute mbele, mama nyuma akimsukuma kwa pua, polepole, tiki-tiki-tiki. Mbayuwayu akawaonyesha njia, kisha akarudi mbio bondeni.

"Jamani, nilidanganya! Labda utakuja, tena ni labda kubwa kama boga!"

Ngedere akamtupia kokwa. "Nenda kalale, bibi wewe!"

Kulipokucha, puuu! Bonde limejaa kama chungu cha uji. Wenye miguu wakakimbia, macho mekundu, kho! kho! kho! Wakafika mlimani jua limepanda. Wakamkuta Kipute amelala tumboni kwa mama yake, pale pasipo na miiba, na Mbayuwayu amemfunika kwa bawa. Hiii... haaa... Pumzi laini. Wote wakaisikiliza pumzi ile. Ngedere akasogea, akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, shangazi."

Basi, wakubwa kwa watoto, sikieni. Anayetupimia hewa ya kesho haioni kesho, anapima tu. Akisema labda, msimcheke mpaka aone haya adanganye. Mwulizeni labda yake ina ukubwa gani. Na mkumbukeni mwenzenu asiyeweza kukimbia.

Hadithi yangu imefika, imechoka, inakaa chini. Yote niliyaona, naapa. Isipokuwa ile samahani ya Ngedere. Hiyo nimeitia mimi. Ngedere alikohoa tu, akatazama kando. Lakini pale nilipokuwa nimesimama, nilitamani sana aiseme.