Mlango Aliopaka Mama

Wapendwa, leo tuanzie uani kwa mzee mmoja, karani wa posta aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe. Mzee huyu alikuwa na gari. Si haya yenu ya kuagiza kwa simu. Lilikuwa Pijo la tangu ujana wake, na ninyi mliozaliwa juzi waulizeni wazazi wenu lilivyokuwa. Lilikuwa la bluu, ingawa jua lilikuwa limeila ile bluu mpaka ukiitaja unaonekana una huruma. Na mlango mmoja, ule wa abiria wa mbele, ulikuwa wa kijani.

Mbona kijani? Zamani mkokoteni uliuparuza sokoni, rangi ikabanduka, kutu ikaanza kuchungulia. Hela ya fundi haikuwepo. Mkewe akachukua rangi iliyobaki walipopaka madirisha ya jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akaupaka ule mlango Jumamosi ili Jumapili waende kanisani bila kutu. Ukiutazama kwa karibu uliona michirizi ya brashi, na unywele mmoja wa hiyo brashi umenasa humo humo. Watu walicheka. Mzee naye akacheka, lakini hakuubadilisha. Na aliyeupaka ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mlango huo miaka na miaka, Biblia mapajani, mpaka Bwana alipomwita.

Sasa mzee anakaribia miaka themanini. Watoto wake wawili, mwana na binti, wenye kazi nzuri mjini, wakasema: tumfanyie Baba ibada ya shukrani, na aje kanisani kwa gari lake likiwa jipya. Wazo baya? Hata kidogo. Natamani watoto wa washirika wangu wote wangekuwa na wazo la namna hiyo, maana wengine hata kupiga simu tu... basi, nanyamaza.

Wakakutana uani kwa chai, wakabishana kuhusu rangi. Binti alitaka damu ya mzee.

"Ni rangi ya heshima, kaka. Baba ni mtu mzima."

Kaka mtu akakataa. "Gari la zamani halipakwi rangi unayoipenda wewe, dada. Linarudishwa lilivyotoka kiwandani. Bluu ile ile, gari zima."

Wakatoa simu, wakaonyeshana bluu za kila namna. Chai ikapoa. Wakanuniana, wakapatana, bluu ikashinda. Na muda wote huo mzee ameketi pale pale kwenye kiti chake, anawatazama. Akasafisha koo, akasema, "Wanangu, ule mlango..."

"Usijali, Baba," mwana akamkatisha, tena kwa upendo kabisa. "Mlango ule ndio wa kwanza kukwanguliwa. Hutaiona tena aibu hiyo."

Mzee akanywa chai yake.

Niwaulize: palikuwa na watu wangapi uani? Watatu. Waliochagua rangi walikuwa wangapi? Na gari lilikuwa la nani?

Gari likaenda kwa fundi. Likanyooshwa, likapigwa msasa, likapakwa. Lilirudi linang'aa hivi kwamba jirani mmoja alitengenezea kilemba chake kwenye mlango. Mzee akatolewa nje kwa vigelegele. Akalizunguka polepole, mkono mmoja juu ya bodi. Alipofika upande wa abiria akasimama, akaweka kiganja mlangoni, akaupapasa, akatafuta, kisha akauondoa mkono.

"Zuri sana," akasema. "Asanteni, wanangu."

Mwana akauona uso wake. "Baba, mbona hivyo? Hujafurahi? Tumelirudisha lilivyokuwa siku ulipolinunua!"

Mzee akamwambia, "Siku nilipolinunua, mwanangu, nilikuwa bado sijamwona mama yako."

Wapendwa, vigelegele vilikatika pale pale. Binti akaingia ndani kulia. Mwana, na hapa ndipo ninapomwonea huruma, akatoka mbio kwenda madukani, akarudi na makopo ya kijani, ya kila aina, akayapanga chini mbele ya baba yake. "Nionyeshe ni ipi, Baba. Nitaupaka mwenyewe, leo hii."

Mzee hakufungua hata kopo moja. "Acha, mwanangu. Ukiupaka wewe, utakuwa mlango wako. Ule wa mama yako umebaki vumbi kwa fundi."

Siku ya ibada alilipanda. Angekataaje? Aliketi mikono magotini, kama mtu aliyepewa lifti na wageni, na walipofika kanisani akawashukuru kwa kumleta.

Tusiwacheke wale watoto, maana ni sisi. Tunamjengea mama nyumba ya tofali kijijini, tunabomoa jiko lake la kuni bila kumuuliza, kisha tunalalamika kwamba haingii kwenye jiko jipya. Tunamhamishia baba mjini, tunampa chumba chenye televisheni, na kumbe furaha yake ilikuwa kuamka alfajiri akawasalimie ng'ombe. Tunaita hiyo heshima. Akijaribu kusema neno, tunamwambia "usijali." Usijali! Neno tamu hilo, na tumeligeuza kifuniko cha kinywa. Hata kwa Mungu tunafanya hivyo hivyo: tunamletea tulichochagua sisi, kwa vigelegele, naye yupo pale pale anangoja tumuulize anataka nini.

Walikosa upendo wale? Walikuwa nao tele. Walikosa subira ya sentensi moja, basi. Mtu asiwadanganye kwamba kumpenda mtu kunatosha kumjua.

Inaniuma kuihubiri habari hii, kwa sababu najua humu ndani wapo ambao msasa umeshapita. Ulichokikwangua hakirudi, na aliyeweza kukuambia thamani yake tumeshamzika. Kwenu sina dawa leo. Nalia pamoja nanyi, na Bwana mwenye rehema awashike.

Lakini wewe ambaye mzee wako bado yupo nyumbani, nisikilize vizuri. Mchana huu usimpelekee zawadi. Vuta kiti, keti karibu naye, mwambie, "Baba, siku ile nilipokukatisha, ulitaka kusema nini?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kuanza.