Nani Ambebe Sikudhani?

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, katika nchi ya Australia, alikuwako mwanamke mzaliwa wa Kigoma aliyeitwa Sikudhani, na kazi yake ilikuwa kucheza mpira. Mpira wa huko ni mrefu kama papai. Hushikwa kwa mikono, hupigwa kwa miguu, na anayeudaka hewani huachiwa apige bila kuguswa. Ili audake, mtu anaruhusiwa kumpanda mwenzake mgongoni. Sikudhani alipanda migongo ya watu miaka mingi, akawa bingwa, hadi magoti yakamwambia basi.

Sasa wachezaji wale wana desturi yao. Anayestaafu hatoki uwanjani kwa miguu yake. Hubebwa mabegani na watu wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mwenyewe ndiye huwachagua. Mechi yake ya mwisho ilipokwisha, Sikudhani akaketi kwenye majani kungoja. Wakaja watatu.

Wa kwanza ni Dorini. Ndiye aliyemfundisha kupiga, enzi zile mpira ukimwendea upande kama kaa. Kisha timu ikabakiza nafasi moja, na kocha akamchukua mwanafunzi, akamwacha mwalimu.

"Mguu huo ni wangu," alisema Dorini. "Na jezi uliyovaa ingekuwa yangu."

Wa pili ni Kaliopi, mchezaji mwenzake. Kwenye fainali Sikudhani alimpanda yeye, akadaka, akafunga, wakachukua kombe. Kaliopi akavunjika bega, asicheze tena.

"Wenzangu waliliona bao," alisema. "Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, nikasikia makofi tu."

Wa tatu ni mama mkwe wake, Bi Mwavita, mfupi wa kimo, aliyemlea mtoto wa Sikudhani kila mazoezi na kila safari. Sheria za mchezo hakuzijua kamwe. Wapinzani wakifunga, naye hupiga makofi kwa adabu. Siku moja mtoto alilia njaa, bibi akaingia naye uwanjani katikati ya mchezo. Mwamuzi akapuliza filimbi. Bi Mwavita akamwambia kwamba mtoto haelewi filimbi, anaelewa ziwa la mama yake. Watu wakasimama mpaka mtoto aliposhiba.

Basi wakaanza kutupiana maneno. Dorini akasema bibi ni mfupi mno, bingwa atateleza kama gunia kwenye baiskeli. Bibi akajibu kwamba afadhali ufupi kuliko bega bovu la Kaliopi.

"Liliharibiwa na nani?" aliuliza Kaliopi, na Sikudhani akainamisha kichwa.

Dorini akacheka, akasema yake yote mawili ni mazima.

"Mazima kwa kuwa hukucheza," alisema Kaliopi. Dorini akaacha kucheka.

Bi Mwavita akajifunga kanga vizuri. "Mwanangu, hawa uliwapanda kwa ruhusa ya mchezo. Mimi umenipanda miaka yote, na sijakuambia shuka."

Sikudhani akaona aibu. Akasema basi, atatoka kwa miguu yake. Hapo tu ndipo watatu wale walipokubaliana.

"Ukitembea," walisema, "utakuwa umewaambia watu kwamba hukubebwa na mtu."

Wakachuchumaa mbele yake, kila mmoja akijigonga bega. Uwanja mzima ukamtazama yeye.

Haya, ninyi mnaosikiliza, mapaja ya Sikudhani ni mawili tu. Je, yakae mabegani mwa nani, na nani aambiwe ainuke bila kumbeba?